Sedani ya kispoti katika safari ndefu: kinachomchosha dereva ni nini hasa?

Wakuu, salaam.

Mtu akiuliza kama sedani ya kispoti inafaa kwa safari ndefu, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba springi zake ni ngumu na zitamvunja mgongo. Naomba nilichambue jibu hilo kwa kirefu, kwa sababu ukweli wake ni nusu, na upungufu wake unawafanya watu waache magari mazuri au, kibaya zaidi, wabadilishe vifaa visivyo na tatizo na kuviacha vyenye tatizo. Msimamo wangu ni kwamba ugumu wa springi, ukidhibitiwa na shokapu zinazolingana nao, ni jambo ambalo mwili hulizoea mapema safarini. Kuna mambo matatu ambayo mwili hauyazoei kamwe: mtetemo mdogo wa haraka usiokatika, mvumo mzito wa sauti ya chini, na kiti kinachokulazimisha ujishikilie mwenyewe. Sedani mbili zenye springi za ugumu uleule zinaweza kuachana mbali kabisa ifikapo saa ya tatu ya safari, na tofauti hiyo huwezi kuigundua katika mzunguko mfupi wa kulijaribu gari kabla ya kununua.

Tuanze na springi zenyewe. Bodi la gari likishakaa juu ya springi huwa na kasi yake ya asili ya kunesa. Sedani iliyotengenezwa kwa ajili ya starehe hunesa zaidi kidogo ya mara 1 kwa sekunde, na ya kispoti kutoka kiwandani huwa kati ya mara 1.5 na 2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini springi ya kunesa mara 1 kwa sekunde hudidimia takriban sentimita 25 kwa uzito wa gari peke yake, ilhali ya mara 2 hudidimia kama sentimita 6 tu. Hata hivyo, mtu anayetembea kwa miguu hupiga karibu hatua 2 kwa sekunde na mwili wake hutikisika kwa kiasi hicho siku nzima bila malalamiko. Kunesa kwa kasi hiyo, kwenyewe, hakumchoshi binadamu.

Eneo baya liko juu zaidi. Mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 cha kupima mtikisiko unaompata binadamu huupa uzito mkubwa ukanda huo. Tumbo, kifua na uti wa mgongo huitikia mitikisiko hiyo na kuikuza, na misuli hukaza kuizuia bila wewe kujua. Chukua barabara ya zege yenye maungio kila baada ya meta 5. Ukienda kilometa 100 kwa saa, unapita maungio 5 hadi 6 kwa kila sekunde, yaani katikati kabisa ya ukanda huo mbaya. Kwa hesabu ya springi tupu, bila kuingiza shokapu, gari linalonesa mara 2 kwa sekunde hupitisha mtikisiko huo kwa mwili takriban mara tatu zaidi ya gari linalonesa mara 1.2. Hapo wanaolaumu springi wana haki, nami nawakubalia. Lakini barabara ya lami iliyotengenezwa vizuri haina maungio hayo, na humo sedani ya kispoti yenye shokapu nzuri hutulia kwa namna ambayo gari laini haliwezi.

Shokapu ndiyo sehemu ninayoiona imedharauliwa zaidi katika mijadala ya aina hii. Springi hubeba gari na kuhifadhi nguvu ya kishindo, na shokapu ndiyo inayoimaliza nguvu hiyo kwa pistoni yake, yaani kipande kinachopanda na kushuka ndani yake, kusukuma mafuta kupitia matundu madogo na vali. Neno kasi katika shokapu halihusiani na mwendo wa gari, bali linahusu jinsi pistoni inavyokwenda haraka ndani ya shokapu yenyewe. Gari likilala kwenye kona au likiinama kwa breki, pistoni hutembea polepole. Gurudumu likigonga ukingo wa kiraka, pistoni hurushwa ghafla. Shokapu nzuri ya kispoti hukataa sana kusogea pale pistoni inapokwenda polepole, ili bodi lisiyumbe, kisha vali zake hufunguka na kulegeza pale pistoni inaporushwa, ili ukingo wa kiraka usipige hadi kwenye kiti. Shokapu duni hukataa kila mahali kwa kiasi kilekile, na ndiyo inayofanya watu waseme kwamba gari ni gumu wakati springi zake ni za kawaida kabisa.

Ndiyo maana watengenezaji wamehangaika na kifaa hiki kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Toyota ilitoa shokapu zinazodhibitiwa kwa umeme kwenye Soarer. Cadillac Seville STS ya mwaka 2002 ikaja na shokapu zenye mafuta ya chembechembe za sumaku, ambayo huwa mazito zaidi kutiririka ndani ya milisekunde chache umeme unapopitishwa. BMW nayo, katika 3 Series ya kizazi cha G20, iliweka shokapu za kawaida zisizo na umeme ambazo ugumu wake hubadilika kulingana na umbali ambao pistoni imesafiri. Mimi binafsi navutiwa zaidi na njia hii ya mwisho, kwa kuwa haina kompyuta ya kuharibika na inafanya kazi yake bila dereva kubonyeza chochote. Kwa gari lenye kitufe cha kuchagua hali, ushauri wangu ni kuliacha kwenye hali ya starehe safari nzima, isipokuwa barabara ina mawimbi marefu yanayolifanya gari liendelee kunesa baada ya kuyapita. Hapo hali ya kati itakupumzisha zaidi, kwa kuwa kichwa hakitakuwa kikipanda na kushuka.

Sasa tairi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, kwa maana ndiyo inayokutana na barabara kabla ya kitu kingine chochote, na uwezo wake wa kumeza ukali wa lami uko kwenye kimo cha ubavu na kiasi cha upepo. Linganisha vipimo vitatu vinavyokaribiana sana kwa kipenyo cha nje (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi). Tairi la 205/55 R16 lina ubavu wa milimita 113, la 225/45 R17 lina milimita 101, na la 225/40 R18 lina milimita 90. Ukitoka la kwanza kwenda la mwisho umepoteza zaidi ya sentimita 2 za mpira na hewa, na rimu kubwa kwa kawaida huwa nzito zaidi, kwa hiyo shokapu inapewa mzigo mkubwa zaidi wa kudhibiti kila gurudumu linaporuka. Kama sedani yako ilitolewa kiwandani na chaguo la rimu ndogo zinazoweza kupita juu ya breki zako, kurudi kwenye rimu hizo ni marekebisho ya starehe yenye faida kubwa kuliko yote ninayoyajua, na hukuharibia usukani kidogo sana.

Kuna pia matairi yenye ubavu ulioimarishwa ili yaweze kuendelea kutembea bila upepo, ambayo kwa kawaida huruhusu kilometa 80 kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. BMW iliyaeneza sana kupitia 3 Series ya kizazi cha E90 kuanzia mwaka 2005, na malalamiko mengi ya ukali wa gari lile yalielekezwa kwenye matairi hayo. Ukiyaondoa na kuweka ya kawaida gari hulainika mara moja, lakini yabadilishe yote manne, na uwe na tairi la akiba au vifaa vya kuziba pancha, kwa sababu magari hayo mengi hayakupewa nafasi ya tairi la akiba.

Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, na ufuate kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Matairi yakipata joto barabarani upepo hupanda, na hilo ni jambo la kawaida, usiupunguze kituoni. Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili gari liwe laini. Tafadhali msifanye hivyo kabla ya safari ndefu. Ubavu wa tairi lenye upepo mdogo hukunjika mno kila mzunguko, hupata joto, na tairi linaweza kupasuka kwenye mwendo mkubwa.

Mtetemo wa usukani kati ya kilometa 90 na 120 kwa saa unastahili maneno yake, kwa kuwa wengi huvumilia wakidhani ndiyo tabia ya gari la kispoti. Gurudumu la ukubwa tunaouzungumzia lina mzingo wa takriban meta 2, kwa hiyo kwenye kilometa 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gurudumu na ekseli yake navyo, vikiwa vimebanwa kati ya tairi na springi, hupenda kutikisika kwa karibu kasi hiyohiyo, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Uzito mdogo tu usio sawa kwenye rimu hukuzwa hapo. Dawa yake ni kufanya balansi upya, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kukagua kama rimu imepinda, kisha kuangalia bushi na bolijointi, yaani mipira na viungo vinavyoshikilia gurudumu. Hakuna sababu ya kuishi na tatizo hilo.

Kiti. Ningeweza kuandika uzi mzima juu ya kiti peke yake. Sedani za kispoti zina viti vyenye mbavu zilizoinuka ili dereva asiteleze kwenye kona, na mbavu hizo zina faida moja ambayo haisemwi: zikikutosha, misuli ya kiuno na tumbo haifanyi kazi ya kukushikilia, na hiyo ni kazi kubwa ukiihesabu kwa saa nyingi. Zisipokutosha, yaani zikikubana mapaja au mabega, utaanza kugeukageuka mapema na hakuna shokapu itakayokuokoa. Kwa hiyo kabla ya kununua, kaa kwenye kiti gari likiwa limesimama kwa muda usiopungua nusu saa, ukiwa na nguo unazosafiri nazo. Angalia kama sehemu ya mbele ya kiti inabeba mapaja hadi karibu na goti bila kulikandamiza. Angalia kama kiegemeo cha kiunoni kinaingia kwenye mpindo wa mgongo na hakikusukumi mbavu. Mabega yakiwa yamegusa kiti, viganja vya mikono ukiinyoosha vifike juu ya duara la usukani, na goti libaki limekunjika kidogo hata breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Wengi huketi mbali mno kwa sababu wanaona ndivyo inavyopendeza, kisha wanalaumu springi kwa maumivu ya shingo.

Kuhusu mvumo, injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kwa sekunde, na mvumo wa aina hiyo hujaa ndani ya bodi na kukaa masikioni. Ekzosi za kubadilisha, ambazo hupendeza gari linapoongeza mwendo, mara nyingi huvuma hasa kwenye mzunguko uleule unaotumika safarini. Sedani yenye gia ya juu inayoshusha injini hadi karibu mizunguko 2,000 kwenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa itakufikisha ukiwa na akili timamu kuliko ile inayolia saa zote. Kelele ya matairi mapana kwenye lami yenye kokoto kubwa nayo ni mzigo, na hapo aina ya tairi huleta tofauti kubwa. Tairi la safari lililotulia ni bora kuliko tairi la kispoti kamili kwa mtu ambaye haendi kwenye uwanja wa mashindano.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Nimepanga kushusha gari langu kwa springi fupi tu, nikiziacha shokapu za kiwandani, kwa sababu nimeambiwa kwamba sentimita 3 hazitabadilisha chochote. Je, kwa safari ndefu kuna madhara?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, yapo. Gurudumu lina nafasi maalumu ya kupanda kabla ya kukutana na mpira wa kuzuia kishindo ulio juu ya pistoni. Ukishusha gari kwa sentimita 3 umeichukua nafasi hiyo kabla hata hujaanza safari, na ukiongeza abiria wanne na mizigo, gari linaweza kuwa linatembea juu ya mpira huo karibu wakati wote. Mpira huo ukiguswa hugeuka kuwa springi ngumu mno, na ndicho kile kishindo kifupi kinachopiga kiuno kwenye kila kiraka. Watengenezaji wa springi fupi hulijua hilo na huzifanya ngumu zaidi, lakini sasa shokapu zako za kiwandani, zilizopimwa kwa springi laini, hazina nguvu ya kuzidhibiti, na gari linanesa haraka huku likigonga. Kama ni lazima ushushe, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Ushauri wangu wa dhati, kwa mtu anayesafiri sana, ni kuliacha gari kwenye kimo chake.

Mchangiaji wa pili:

Naheshimu hoja zako, lakini mimi naona unalipendelea gari gumu. Nimetumia sedani kubwa laini kwa miaka mingi, na hakuna sedani ya kispoti niliyowahi kupanda iliyonifikisha nikiwa sijachoka kama ile. Kwa nini mtu ateseke na kitu ambacho unahitaji kukieleza kwa hesabu?

Mwanzisha uzi:

Mkuu, sedani kubwa laini iliyotengenezwa vizuri ni chombo bora cha safari, na singemshauri mtu aiache. Uzito wake unasaidia, umbali wake mrefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unasaidia, na vioo vyake vinene vinasaidia. Hoja yangu inahusu mtu ambaye tayari anataka sedani ya kispoti na anaambiwa hawezi kusafiri nayo. Pia naomba uzingatie barabara yenye kona na mabonde mfululizo. Humo gari laini lenye shokapu zilizochoka hulala kila kona na kuchelewa kuinuka, na mayumbo ya polepole, yaliyo chini ya mara 0.5 kwa sekunde, ndiyo yanayoleta kichefuchefu kwa abiria. Dereva naye hufanya masahihisho mengi ya usukani. Sedani ya kispoti hukata kona hizo kwa mwendo mmoja wa mkono na bodi likabaki limesimama. Kwenye barabara iliyonyooka na yenye maungio, gari lako linashinda, na sina ubishi.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi dereva sina tatizo, lakini mama yangu anayekaa nyuma hulalamika kila safari kwamba anarushwa. Gari ni lilelile, iweje mbele pawe shwari na nyuma pasikalike?

Mwanzisha uzi:

Swali zuri sana, na jibu lake lina historia. Gurudumu la mbele hupanda tuta kwanza, na la nyuma hufuata baada ya muda mfupi, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa gari lenye meta 2.8 kati ya magurudumu likienda kilometa 100 kwa saa. Kama springi za mbele na nyuma zinanesa kwa kasi sawa, kuchelewa huko kunalifanya gari liinamishe pua na kuinua mkia kwa zamu. Mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na General Motors miaka ya 1930, alionyesha kwamba nyuma inapaswa kunesa haraka kidogo kuliko mbele, ili iwahi kuifikia na bodi zima lipande na kushuka likiwa sambamba. Kanuni hiyo ingali inatumika, na ina maana kwamba springi za nyuma mara nyingi ni ngumu zaidi kwa uzito zinaoubeba. Ongeza na hili: wewe dereva unakaa karibu na katikati ya gari, ambako mtikisiko ni mdogo, ilhali mama anakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, juu ya kiti ambacho katika sedani nyingi za kispoti kina sponji nyembamba.

Fanya mambo yafuatayo kwa mpangilio huu, mkuu. Soma tena kibao cha upepo, kwa sababu kina kipimo cha gari lisilo na mzigo na kingine cha gari lililojaa, na watu wengi hujaza nyuma kipimo cha gari lililojaa kisha wakasafiri wawili. Kagua shokapu za nyuma kama zinavuja mafuta, pamoja na maunti zake za juu, yaani vishikizo vinavyoziunga na bodi, ambazo zikiisha hugonga bila dereva kusikia vizuri. Kama vyote ni vizima, mhamishie mama kiti cha mbele, ukisukume nyuma kiasi cha miguu yake kunyooka, ukilaze kiegemeo kidogo tu, na msimame kwa angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili ili atembee.